Hesabu ya Mwaloni

Tulipigia kura kwenye ndoo za dagaa.
Tulizisugua kwa majivu, harufu ikagoma kutoka.
Ndoo nne, mialo minne, na mimi katibu,
kalamu ya bluu inanivujia kidoleni.

Kirumba: Kabula mia tatu na kumi,
Nkwimba arobaini.
Vigelegele vilifika hadi kwa wauza barafu.
Mtu akamvika Kabula kitenge, akamwita Mwenyekiti.
"Subirini," nikasema, "boti ya Kome haijafunga."
Nani anamsikiliza katibu?

Igombe: themanini na nane kwa tisini na mbili.
Kayenze: sitini na moja kwa sitini na sita.
Kome, karatasi imelowa pembeni:
sabini kwa sabini na nne.

Anayepima kwa sado anajua kujumlisha.
Kabula, mia tano ishirini na tisa.
Nkwimba, mia mbili sabini na mbili.
Lakini chama chetu hakihesabu vichwa.
Kinahesabu wajumbe: Kirumba sita,
Igombe watatu, Kayenze wawili, Kome wawili,
na anayeongoza kwenye mwalo, hata kwa kura moja,
anazoa wajumbe wake wote,
kama mnunuzi anayefunga gunia
bila kuuliza dagaa wa chini walitaka kwenda wapi.

Sita kwa saba.

Nilirudia mara tatu, nikitafuta kosa langu.

Mwanangu Masalu, anayefundisha uraia Nyakato,
alikuwa amekuja kunichukua. Akacheka peke yake.
"Mama, hii ni Marekani ndogo.
Kule wajumbe ni mia tano thelathini na nane,
ukipata mia mbili na sabini, Ikulu ni yako,
na karibu kila jimbo linatoa gunia zima."
"Na waliokupita kwa kura za watu?"
"Wanakupongeza."
Sisi rais tunamhesabu kwenye chungu kimoja,
Ukerewe na Dodoma kura ni kura.
Sijui nani aliyetuambia dagaa ni tofauti.

Usiku ule nilipiga hesabu nyingine, sikumwonyesha mtu.
Kumpita Nkwimba pale Kirumba
zilitosha kura arobaini na moja.
Zile mia mbili sitini na tisa za juu yake,
yangu ikiwemo, zilikuwa maji tuliyomwagia ziwa.
Na Igombe kulikuwa na wanawake watano
walioanika dagaa hadi jioni, hawakuja.
"Kabula ameshashinda," walisema. "Ya nini kupoteza jua?"
Watano tu.

Kabla ya kikao, watu wa Kabula
walimfuata Bituro, mjumbe wa Kome,
na kilo tano za sukari na maneno matamu kuliko hiyo sukari.
Hakuna kifungu kinachomzuia kugeuka.
Niliwahi kusema tukiandike, wakasema tunaaminiana.
Bituro akairudisha sukari.
"Kura niliyobeba si yangu," alisema,
"nimetumwa nayo, kama unavyotumwa na mtoto mgongoni."

Kabula akasimama. Kitenge bado kipo begani.
"Nani alitunga kanuni hii?"

Nikafungua daftari la zamani, kurasa zimeshikana chumvi,
nikamsogezea bila kusoma.
Mwandiko ule anaujua.
Mwaka ule Kirumba ilipanga bei peke yake misimu mitatu,
na wanawake wa Kome wakarudi na magunia yao,
Kabula, binti mwenye sauti, alisimama akasema:
"Mwalo mkubwa usimeze midogo."
Tulimpigia makofi. Nilikuwepo. Nilipiga.

Alisoma mstari wake kwa muda mrefu.
Nje, mtu alikuwa anabishania chenji ya barafu.
Kisha akasema, "Nilikuwa sahihi,"
halafu, polepole, "na mnaona ninavyoumia."

Akaomba kalamu. Akasaini.
Wino ukamvujia na yeye.